Ruta Mbili, Jina Moja

Juzi maabara, muuguzi aliita jina la mwanangu wakainuka wawili, yeye na msichana mmoja wa sekondari. Wote wakanyoosha mkono. Muuguzi akaivuta karatasi kifuani, akauliza tarehe za kuzaliwa. Nikaukumbuka ule usiku wa zamu.

Ruta zetu, mashine zinazoelekeza data kati ya matawi, zilikuwa kompyuta za kawaida za Linux zenye programu huria ya OSPF, lugha ambayo ruta huambizana njia za mtandao. Umeme ulikatika jioni, uliporudi matawi mawili yakawa yanaonekana na kupotea. Nikabadili kebo, nikazima na kuwasha swichi, nikampigia mlinzi aniangalizie taa. Wapi!

Saa nane usiku nikafungua orodha ya matangazo ambayo kila ruta huyatoa kueleza imeungana na nani. Kila tangazo lina namba ya mfuatano, na mtandao ukitulia namba hiyo hupanda mara moja kila dakika 30. Hii ilikuwa inapanda mbele ya macho yangu, kila baada ya sekunde chache. Mara tangazo lina mitandao ya tawi la kwanza, mara ya tawi la pili, na kitambulisho cha mtoaji ni kilekile: 172.17.0.1. Kila ruta ilikuwa ikilisikia tangazo la mwenzake, ikidhani ni habari zake yenyewe zilizopitwa na wakati, inatoa jingine lenye namba kubwa zaidi. Chai ilipoa mkononi nikizitazama zikinyang'anyana jina.

Anwani ile niliijua. Docker, programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya vifungashio viitwavyo kontena, hulipa anwani hiyo daraja lake, yaani kiungo chake cha mtandao wa ndani, kwenye kila mashine usipogusa mipangilio, na wiki hiyo tulikuwa tumeiweka kwenye zote mbili. Hatukuwa tumeziandikia ruta kitambulisho, kwa hiyo programu ilichukua anwani kubwa kuliko zote iliyoikuta. Zetu za kweli zilianza na 10. Ilijua kuikataa 127.0.0.1, anwani ambayo kila mashine hujiita yenyewe, lakini hii ya Docker ikaipokea.

Kukiandika kitambulisho kwa mkono hakukuchukua hata dakika mbili. Kazi ilikuwa ukaguzi niliouandika baadaye: unakataa 0.0.0.0 isiyo ya mashine yoyote, 127 zote, 169.254 zote ambazo mashine hujipa ikikosa anwani, na daraja lolote la kontena. Isipobaki anwani ya kufaa, ruta haiwaki.

"Kaka, hapo utaliacha tawi gizani," mwenzangu aliniambia. "Acha ichukue yoyote, itoe onyo."

Sikukubali, na sijabadilisha. Lakini kila umeme ukirudi matawini nakaa na simu mkononi mpaka zote ziwake.