Nilivyolizuia Tingatinga: Miezi ya Kwanza Baada ya Jengo Letu la Kale Kuungua

Asubuhi iliyofuata usiku wa moto, kitu cha kwanza nilichokikuta langoni kilikuwa tingatinga. Lilikuwa limeletwa na mkandarasi aliyekuwa akitutengenezea paa, kwa nia njema kama alivyoieleza mwenyewe, ili eneo lisafishwe kabla watu hawajaanza kumiminika kutazama. Jengo lenyewe, la ghorofa mbili, lenye kuta nene za mawe zilizojengwa kwa chokaa na dari ya mbao za kuchonga, lilikuwa limesimama bila paa, likifuka moshi, huku maji ya zimamoto yakiendelea kutiririka ngazini. Nilikuwa msimamizi wake kwa mwaka wa sita. Sikuwa msanifu wala mhandisi. Kazi yangu ilikuwa kutunza funguo na daftari la wageni, na kuhakikisha kwamba mifereji ya paa haizibi. Hata hivyo nilimwomba dereva azime injini, na nilipoona anasitasita nikasimama mbele ya lile koleo lake mpaka akazima.

Chanzo cha moto tulikijua mapema. Mafundi walikuwa wakiunganisha mabamba ya madini ya risasi kwenye paa kwa kutumia mwali wa gesi, wakamaliza alasiri, wakakusanya vifaa vyao na kuondoka. Joto lilikuwa limekwisha kupenya hadi kwenye mbao kavu zilizo chini ya mabamba, nazo zikafuka kwa saa kadhaa pasipo mwali wowote kuonekana, hadi usiku hewa ilipozifikia. Mkataba ulitaka mtu abaki akilinda kwa muda baada ya kazi ya aina hiyo, lakini hakubaki mtu, na mimi niliyekuwa na haki ya kuuliza sikuuliza. Baadaye nilisoma kwamba jumba la Uppark, huko Uingereza, liliungua kwa namna iyo hiyo mwezi Agosti 1989, mafundi wakiwa wanakaribia kabisa kumaliza matengenezo ya paa. Kujua hivyo hakukunifariji. Kulinifundisha tu kwamba jengo la kale huwa katika hatari kubwa zaidi wakati linapotengenezwa.

Siku tatu za kwanza zilikwenda katika mabishano. Bima walitaka hesabu, wenye mali walitaka usalama wa wapita njia, na kila aliyefika alikuwa na neno moja mdomoni: kifusi. Neno hilo ndilo nililoanza nalo vita yangu, kwa sababu kitu kikishaitwa kifusi hakuna anayeona vibaya kukizoa na kukitupa. Niliwaomba wote tuseme "mabaki", na ingawa baadhi yao walicheka, baada ya wiki moja hata madereva wa malori walikuwa wakisema hivyo.

Hatari yenyewe ilikuwa ya kweli. Ukuta mrefu ulioshikwa na paa kwa miaka mingi ulikuwa sasa umesimama peke yake dhidi ya upepo, na mhandisi wa kwanza kufika alipendekeza uvunjwe hadi usawa wa madirisha. Tulimwomba atupe muda wa kuupima kabla ya kuuhukumu. Ukaegemezwa kwa nguzo pande zote mbili, kisha tukabandika vipande vyembamba vya kioo juu ya kila ufa, maana ukuta ukisogea hata kidogo kioo hupasuka. Kila asubuhi na kila jioni nilipita nikivikagua na kuandika. Wiki mbili zikapita bila kioo hata kimoja kupasuka, na mhandisi, ambaye ninamheshimu kwa kukubali kubadili rai yake mbele ya watu, akaagiza safu tatu tu za juu ziteremshwe, jiwe kwa jiwe, kila jiwe likiwa na namba yake.

Hapo ndipo tulipoanza kuyachambua mabaki. Tuligawa sakafu yote kwa kamba katika miraba ya mita moja, tukaipa kila mraba herufi na namba, na kila kilichookotwa kikawekwa kwenye trei yenye alama ya mraba wake. Utaratibu huu hatukuubuni sisi: kasri la Windsor lilipoungua tarehe 20 Novemba 1992, mabaki yake yalichambuliwa na kuchekechwa kwa uangalifu kama wanavyofanya wanaakiolojia. Mantiki yake ni nyepesi, kwamba dari inapoanguka, vipande vyake havitawanyiki ovyo bali huangukia karibu na chini ya pale vilipokuwa, kwa hiyo mahali kipande kilipookotwa ni nusu ya jibu la mahali kinapopaswa kurudi. Tulipata bawaba, misumari iliyofuliwa kwa mkono, vipande vya nakshi za lipu na vioo vilivyoyeyuka kama gundi. Tulipata pia boriti, nyingi kuliko tulivyothubutu kutumaini.

Boriti hizo nazo nusura zitupwe, kwa kuwa nje zilikuwa makaa matupu. Aliyeziokoa alikuwa seremala mzee aliyekuja kutazama tu, akachukua nyundo, akapita akigonga moja baada ya nyingine huku ameinamisha sikio. "Mwanangu," aliniambia, "huu mti haujafa, umeungua ngozi." Nikamjibu, "Mzee, mhandisi atataka ushahidi kuliko sikio lako," naye akacheka, akaagiza keekee. Tulipotoboa tukakuta mbao nyeupe, ngumu na yenye harufu yake, sentimita mbili au tatu tu ndani ya makaa. Mhandisi alithibitisha kwa hesabu: mbao nzito huliwa na moto kwa kiasi cha milimita 0.7 hivi kwa dakika, kisha tabaka la makaa lenyewe hugeuka kuwa blanketi linalokinga moyo wa mti. Boriti ya unene wa sentimita 25 inaweza kuwaka nusu saa na bado ikabeba mzigo. Kinyume chake, mhimili wa chuma ambao watu wa kizazi kilichotutangulia waliuongeza ili "kuimarisha" jengo ulikuwa umejikunja kama utambi, kwa maana chuma kikifikia nyuzi joto 600 hivi hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake. Sikuweza kujizuia kumwonyesha mkandarasi.

Mawe nayo yalikuwa na lugha yake. Mawe ya chokaa yenye chembechembe za madini ya chuma hugeuka rangi na kuwa ya waridi au mekundu yanapopita nyuzi joto 250 hadi 300, kwa hiyo ukutani palikuwa na ramani ya moto: waridi mahali joto lilipotua, rangi ya kawaida mahali lilipopita tu. Tulipiga picha za kuta zote kabla ya kugusa chochote, na mtaalamu akatumia ramani hiyo kuchagua mahali pa kuchukua sampuli, badala ya kutobolewa kila mahali.

Kosa langu kubwa lilitokea siku ya pili. Vijana wa kujitolea walifika na ndoo na matambara, wenye ari, nami kwa kufurahia msaada nikawaruhusu waanze kufuta masizi katika ukumbi wa chini. Masizi yana mafuta. Ukiyafuta kwa maji unayasukuma ndani ya vinyweleo vya lipu, na hayatoki tena. Yanapaswa kuondolewa yakiwa makavu, kwa brashi laini, kwa mashine ya kuvuta vumbi, kisha kwa sifongo kavu ya mpira. Niliwasimamisha baada ya nusu saa, lakini doa la kijivu lenye ukubwa wa mlango lipo hadi leo upande wa kushoto wa ngazi, na wageni wakiniuliza kama ni kazi ya moto huwajibu kwamba ni kazi yangu.

Maji yalitutesa kwa muda mrefu kuliko moto. Ukungu huweza kuanza kuota ndani ya siku mbili, kwa hiyo vitabu na michoro iliyolowa tuliifunga na kuipeleka kwenye majokofu ya kugandisha siku hiyo hiyo, ili tupate muda wa kuikausha kwa utulivu baadaye. Kuta hazikuweza kugandishwa. Tulijenga paa la muda la mabati juu ya jukwaa la waashi, tukaacha madirisha wazi, tukasubiri. Wengi walitusihi tuwashe mashine za joto, lakini ukuta mnene ukikaushwa kwa haraka, chumvi hukimbilia usoni pamoja na unyevu na kuibandua lipu kutoka ndani. Mfadhili mmoja alitaka kutuletea mifuko ya saruji ili tuzibe nyufa mara moja. Nilimwandikia barua ndefu ya shukrani nikieleza kwamba chokaa hupitisha unyevu na hukubali ukuta ujinyooshe kidogo, ilhali saruji ni ngumu kuliko jiwe la zamani, hivyo maji hubaki nyuma yake na jiwe ndilo linaloliwa. Hakunijibu. Kuta zilichukua zaidi ya mwaka kukauka.

Ilipofika zamu ya kuamua namna ya kujenga upya, tuligawanyika. Wapo waliotaka kila kitu kirudi kama kilivyokuwa, na wapo waliotaka dari mpya ya kisasa. Mabishano hayo si mageni: kanisa kuu la Notre-Dame jijini Paris lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, Ufaransa nzima ilijadili kama mnara uliochorwa na msanifu Viollet-le-Duc katika karne ya 19 urudishwe au ubadilishwe, na uamuzi wa kuurudisha ulitangazwa Julai 2020, kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024. Wao walikuwa na bahati ya kuwa na vipimo vya leza vilivyochukuliwa na mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon miaka kadhaa kabla ya moto. Windsor, kwa upande mwingine, walipofungua tena mwaka 1997, ukumbi wa Mtakatifu George ulikuwa na paa jipya la mwaloni lenye umbo ambalo halikuwapo kabla.

Sisi hatukuwa na leza. Tulikuwa na michoro michache iliyonusurika, trei zetu, na picha ambazo watu waliwahi kujipiga ndani ya ukumbi, ambazo tuliziomba na zikaja kwa mamia, dari ikionekana nyuma ya vichwa vya watu. Kilichotuongoza ni Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unaosema kwamba urejeshaji hukoma pale kubahatisha kunapoanza, na kwamba sehemu zinazojaziwa ziafikiane na jengo zima lakini ziweze kutofautishwa na za asili. Kwa hiyo boriti zilizopona zilirudi mahali pake, zikiwa zimekwanguliwa makaa na kuungwa ncha mpya. Zilizokosekana zilichongwa pale tu tulipokuwa na picha au kipande cha kuthibitisha nakshi, na pengine pote ziliachwa laini, mwaka wa kutengenezwa ukiwa umechongwa upande usioonekana kutoka chini. Baadhi ya wazee walikasirishwa na zile laini, wakisema zinafanana na meno ya bandia. Huenda wana haki kuhusu sura yake, lakini singekubali kuchonga maua ambayo hakuna aliyewahi kuyaona.

Katika matengenezo yale yote nilikuwa na hofu moja. Shule ya Sanaa ya Glasgow, huko Uskoti, kazi ya msanifu Charles Rennie Mackintosh, iliungua Mei 2014, na Juni 2018, ikiwa katikati ya kurejeshwa, ikaungua tena, vibaya zaidi. Nilipiga marufuku mwali wa aina yoyote juu ya paa. Mabamba yote yaliunganishwa kwa kukunjwa. Dari ya juu, ambayo zamani ilikuwa chumba kimoja kirefu ambamo moto ulikimbia kutoka mwisho hadi mwisho, sasa imegawanywa kwa kuta tatu zisizopitisha moto, na vitambua moshi vimefungwa kila sehemu. Kila jioni mafundi walipoondoka nilikaa huko juu saa moja na nusu nikiwa na tochi na kipimajoto cha kuelekeza, nikipima mbao. Mafundi wapya walidhani nina matatizo nyumbani.

Vipande tulivyovichambua vimekwisha kurudi karibu vyote. Zimebaki trei mbili, kutoka miraba ya D7 na D8, zenye vipande vya nakshi ambavyo havilingani na picha yoyote tuliyonayo. Vimepewa namba na vimo katika kabati lililo chini ya ngazi, karibu na lile doa.