Safari ya Taukkyan

Babu yangu mzaa baba aliondoka Tabora wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia akiwa askari wa keya, yaani KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, katika kikosi cha 36 kilichokuwa cha watu wa Tanganyika, na hakurudi tena. Shangazi alizaliwa mwaka 1943, baba yake akiwa keshavuka bahari, na miaka yote amekuwa akisema "baba yuko Bama", yaani Burma, ambayo sasa ni Myanmar, kama asemavyo mtu ambaye nduguye amekwenda kutafuta kazi. Januari 2019, nilipopata safari ya kikazi ya Yangon, alinipa agizo moja tu: nimletee udongo wa kaburi. Nilikwishajua kwamba babu hana kaburi, lakini sikuthubutu kumwambia.

Taukkyan, yaliko makaburi ya askari wa vita hiyo, iko kiasi cha kilomita 35 kaskazini mwa Yangon. Teksi niliyokodi ilikuwa gari la mtumba kutoka Japani, usukani kulia kama magari ya kwetu, ila huko magari hupita upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo dereva hakuweza kuona mbele kila alipotaka kulipita lori, nami nikawa nasoma dua kimoyomoyo. Wanawake wa kando ya njia walikuwa wamejipaka thanaka usoni, gome la mti linalosagwa juu ya jiwe kwa maji, mfano wa liwa ya pwani.

Makaburini wamezikwa askari 6,374 wa Jumuiya ya Madola, na kati yao 867 hawakutambuliwa. Katikati zimesimama nguzo nene zilizochorwa majina ya karibu watu 27,000 ambao makaburi yao hayajulikani. Hao ni askari wa nchi kavu. Askari wa anga waliopotelea pande hizo wameandikwa Kranji, Singapore. Kwenye mnara, sentensi inayosema kwamba walikufa kwa ajili ya watu wote walio huru imeandikwa kwa Kiingereza, Kiburma, Kihindi, Kiurdu na Kipunjabi. Kiswahili hakimo. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ina Kiswahili. Mbona hapa kilisahauliwa, ilhali ndiyo lugha ambayo askari wa makabila mengi walipeana amri na kuagana?

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kilimokuwa kikosi cha babu, iliyovaa nembo ya kichwa cha kifaru, iliteremka bonde la Kabaw kutoka mji wa Tamu katika mvua kubwa za mwaka 1944. Magari yalikwama matopeni, malaria na homa za msituni zikawaangusha watu sambamba na risasi, na ilipofika Desemba ndipo wakaingia Kalewa, kwenye mto Chindwin. Wengi walizikwa pale pale walipoangukia, na msitu ukafuta alama.

Majina yamepangwa kwa vikosi, kisha kwa vyeo. Nilizunguka nguzo za KAR karibu saa nzima, jua likinichoma kisogo, na jina la babu sikulipata. Nikarudia, safari hii nikilitafuta kama ambavyo karani asiyejua Kinyamwezi angelisikia, nikalikuta juu kidogo ya kimo changu, pameandikwa R mahali pa L. Nililipapasa kwa kidole; herufi zilikuwa na vumbi ndani yake. Niliinama kuchota udongo, nikauacha, maana damu yake ilimwagika mbali sana na hapo. Nikabandika karatasi juu ya jiwe, nikaisugua kwa penseli hadi jina likatokea jeupe ndani ya weusi.

Shangazi hakuuliza habari ya udongo. Alivaa miwani, akaisogeza karatasi dirishani, akaisoma kwa kunong'ona herufi moja moja. Alipofika kwenye R aliguna, akaniomba kalamu, akaikata hiyo R kwa mstari, na juu yake akaandika L.