Apu ilitushinda, tovuti ndogo ikatubeba: uzoefu wangu Kigoma

Bwana asifiwe. Wiki iliyopita kijana wa kanisa jirani alinipigia akaniambia wameshalipa nusu ya pesa ya kutengenezewa apu ya huduma yao. Akanisimulia itakavyokuwa: mahubiri ya video, Biblia, sadaka, maombi, matangazo, kila kitu humo humo. Nilikaa kimya nikimsikiliza, roho ikiniuma, maana ni yale yale tuliyoambiwa sisi miaka mitatu iliyopita.

Kanisa letu liko Gungu, ila matawi yetu yanaifuata pwani ya Ziwa Tanganyika kwenda kaskazini mpaka upande wa Kagunga. Watu wetu wa huko tunawafikia kwa boti kutoka Kibirizi, mwalo wetu wa boti na samaki. Wengi ni wavuvi wa dagaa na wake zao wanaoanika. Naanza na hilo kwa sababu fundi wetu hakuliuliza hata mara moja. Alitwambia tu kwamba siku hizi huduma isiyo na apu haipo. Sisi tukaamini, tukachangishana, ikatutoka kama milioni mbili na ushee. Mchoro aliouleta ulikuwa wa kanisa la Marekani, amebadilisha maneno tu. Kulikuwa na ukurasa mzima wa maegesho ya magari. Kanisani kwetu Jumapili gari ni mbili, ya tatu ikija mgeni.

Siku ya kuizindua, Mchungaji alisema kila mwenye simu aitoe. Zaidi ya nusu walitoa vitochi. Wenye simu janja wakaanza kupakua, megabaiti 60 na kitu, bando linateketea, na wengi simu zikawaambia nafasi haitoshi. Pembeni yangu alikaa mwimbaji wetu mmoja wa sauti ya pili. Nilimwona akifuta picha za mtoto wake, moja baada ya nyingine, ili apu iingie. Ikaingia. Akaifungua, ikamdai barua pepe na nywila. Barua pepe alifunguliwa na kijana aliyemuuzia simu, nywila haijui. Akaizima simu, akairudisha kwenye mkoba, akaendelea kutazama mbele. Picha zile hazikurudi. Mpaka leo nikikumbuka naona tulimkosea.

Mwaka ulipoisha apu yenyewe ikatoweka Play Store. Akaunti ilikuwa kwa jina la fundi, domeni (anwani ya mtandaoni) kwa jina la fundi, na fundi hapokei simu. Kwa hiyo wewe unayepanga: domeni isajiliwe kwa jina la kanisa (sisi sasa tuna ya .or.tz), nywila ziandikwe, zikae kwenye bahasha kwa katibu. Hilo halina mjadala.

Nilipokabidhiwa kazi upya, safari hii ya tovuti ndogo badala ya apu, sikugusa kompyuta wiki tatu nzima. Nilinunua manila, nikazikata vipande vya ukubwa wa simu, nikachora kila ukurasa kwa kalamu ya wino mzito: vitufe, vichwa, kila kitu. Kisha nikawa nakwenda navyo Kibirizi jioni, mwalo ukiwa umetulia. Namwambia mtu, "Hii ni simu. Unataka kusikia mahubiri ya Jumapili, bonyeza." Akibonyeza kwa kidole, nambadilishia kipande. Hapo nilijifunza mambo ambayo fundi asingeyajua kwa mwaka mzima. Mzee mmoja wa kanisa alipoona kitufe cha "Huduma zetu" alidhani ndipo pa kuomba mchungaji aje kumtembelea mgonjwa. Kwa akili yangu ilikuwa historia ya kanisa! Nikakiita "Sisi ni nani", na cha kumwita mchungaji nikakitengeneza chake. Mama mmoja akakitazama kipande cha kwanza, akaona "Toa sadaka" iko juu kabisa, akaniuliza, "Mwanangu, mnaanza na sadaka hata salamu bado?" Niliona haya. Sadaka sasa iko chini, lipa namba yenye jina la kanisa, siyo la mtu, na maneno ya kumkumbusha mtoaji alisome jina kabla hajaweka namba ya siri.

Manila zile hazikufika hata elfu kumi. Nikipewa kazi nyingine kama hii, nitaanza na manila tena.

Kilichobaki ni kurasa sita na sauti. Sauti ndiyo iliyonisumbua. Mahubiri ya dakika 45 yakirekodiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde yanafika megabaiti 43. Nikayageuza kuwa mono (sauti ya mkondo mmoja), kilobiti 32, yakashuka mpaka 11 hivi, na sauti ya mhubiri ikabaki safi. Kwaya usiithubutu hivyo, besi inakwaruza na vinanda vinalia kama viko ndani ya ndoo. Kwaya tunaiacha kwenye 96. Na kila ukurasa wa mahubiri tumeandika ukubwa wake kabisa, "MB 11", mtu ajue bando lake linakwenda wapi kabla hajabonyeza.

Kwa wenye vitochi na redio za kuchaji tunatumia memori kadi. Kadi ya GB 4 inabeba mahubiri zaidi ya 300 ya namna hiyo. Inapanda boti na mtu wetu, inarudi, tunaongeza mapya. Nimeona pia kwamba mahubiri yanapakuliwa zaidi siku za mbalamwezi, wavuvi wanapokuwa nyumbani kwa sababu taa hazivuti dagaa. Basi mafundisho marefu tunayatoa siku hizo.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa kwenye maombi. Niliweka fomu ya kutuma ombi, na nikaacha maombi yaonekane ukurasani ili watu waombeane. Siku ya tatu dada mmoja aliandika ugonjwa wake na jina lake, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unajua. Nilikwenda kwake na Mama Mchungaji kuomba msamaha. Alitusamehe, lakini alilia. Sasa ombi linakwenda kwa mama mmoja tu wa kikundi cha maombi, jina si lazima, na baada ya siku 30 linafutwa. Baadaye ndipo nilisoma kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya na za imani ya mtu kuwa taarifa nyeti. Kanisa linazishika zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo mambo ya fomu yapangwe kabla ya rangi na nembo.

Apu hatujairudia. Nilimwambia yule kijana wa jirani asimalizie hiyo nusu nyingine kabla hajashuka mwaloni na vipande vya manila. Amesema atakuja Jumamosi. Nimemwekea karatasi na mkasi, na saa kumi tunashuka Kibirizi.