Mngurumo wa Dakika ya 20

Agosti 2009 nilikuwa mwaka wa pili najifunza ufundi redio kwenye kibanda kimoja pale Mwanga, Kigoma. Ramadhani ilikuwa imebakiza wiki moja kuingia. Asubuhi wazee wawili wakashuka kwenye daladala ya Ujiji wamebeba amplifaya ya msikiti, wameifunga kwa kanga kama mtoto anayepelekwa kliniki.

"Fundi, imerudia tena," mmoja akasema baada ya salamu. "Ukiiwasha ni nzima. Zikipita dakika 20 hivi inaanza kunguruma, haumsikii mwadhini."

Ilikuwa mara ya tatu kuletwa. Fundi wangu, mzee ninayemheshimu mpaka leo, alikwishabadilisha kapasita mbili kubwa za kuchuja umeme, za mikrofaradi 4,700. Amplifaya ikinguruma, kapasita ndiyo ya kwanza kushukiwa, kwa hiyo hakukosea kuanzia hapo. Mita ilisoma volti 35 upande wa chanya na 35 upande wa hasi. Dayodi nne, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, alizipima moja moja, zote nzima. Basi lawama ikaenda kwa umeme. Wakati ule mji wetu uliwashwa na jenereta za dizeli, gridi ya taifa haijatufikia, na kila kifaa kilichougua kilisemwa kimeharibiwa na umeme wa jenereta. Mimi sikuamini. Umeme huohuo ulikuwa unaingia kwenye redio ya kibandani, na redio haikunguruma hata siku moja.

Juu ya rafu kulikuwa na osiloskopu ya zamani, kifaa kinachochora mwendo wa umeme kwenye kioo, chake cha kijani. Fundi aliinunua Dar es Salaam ikiwa imetumika, akaja nayo kwa treni, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Lakini kazi zetu nyingi zilimalizwa na mita na sikio, kwa hiyo ilikaa tu.

"Mzee, naomba tuitazame kwa hii."

Akaniangalia kidogo. "Ishushe, mwanangu. Futa vumbi kwanza."

Tukaunga spika, tukaweka kaseti ya kaswida kwa sauti ya wastani. Waya wa ethi nikaubana kwenye ncha ya kati ya transfoma, ncha ya probu, waya wake wa kupimia, nikaigusisha kwenye kapasita ya chanya. Nikachagua AC, ili zile volti 35 zilizotulia ziondoke kwenye kioo, kibaki kile kinachotikisika juu yake. Muda nikauweka milisekunde 5 kwa kila mraba. Vikatokea vilima vidogo, kila kimoja miraba miwili, yaani milisekunde 10. Ndivyo inavyotakiwa: umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, na dayodi zikifanya kazi zote, kapasita hujazwa mara mbili kwa kila mzunguko.

Tukangoja. Fundi akaagiza chai, hakuinywa. Dakika ya 18 mngurumo ukaanza, na palepale kwenye kioo kilima kimoja katika kila viwili kikatoweka. Vilivyobaki vilichukua miraba minne, milisekunde 20, na bonde kati yao lilikuwa refu zaidi ya mara mbili ya mwanzo. Nikahamisha probu upande wa hasi. Huko vilima vilikuwa vilevile vya miraba miwili.

Mwili ulinisisimka. Kapasita iliyokauka ingevirefusha vilima bila kuvipunguza idadi. Hapa idadi ilikuwa imebaki nusu, na kwa upande mmoja tu. Dayodi moja kati ya mbili zinazolisha chanya ilikuwa imeacha kazi.

"Lakini nilizipima," Fundi akasema taratibu.

Tukazima, tukasubiri kapasita ziishiwe umeme, tukageuza bodi. Kwa lenzi na tochi tukaiona: risasi ya kulehemu iliyoshika mguu wa dayodi moja ilikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele, umeuzunguka mguu wote. Ikiwa ya baridi, mguu uligusa risasi. Ikipata moto, vitu vinatanuka, mguu unaachia. Fundi alipima ikiwa baridi, tena ncha za mita akaziweka kwenye miguu yenyewe ya dayodi. Dayodi ilikuwa nzima kweli. Njia yake ndiyo iliyokatika.

Akaondoa risasi yote ya zamani, akakwangua mguu mpaka ukang'aa, akayeyusha mpya kwa mkono wake. Tukaiacha inacheza saa mbili. Vilima havikupungua. Tangu siku hiyo osiloskopu haikurudi rafuni, ilikaa mezani.

Usiku wa kwanza wa tarawehe nilimsindikiza Fundi mpaka Ujiji. Mimi ni Mkristo, nikabaki nje chini ya mwembe, saa mkononi. Dakika 18 zikapita. Zikapita 20, kisha 30. Sauti ya imamu ilitoka kwenye spika safi kabisa, mpaka pumzi zake kati ya aya na aya nilikuwa nazisikia.