Duka la Kibirizi na deni la mbalamwezi

Ukiuliza kwa nini duka la zamani la mtaani limegeuka kibanda cha wakala wa pesa, wengi watakwambia ni mambo ya kisasa tu. Kwa mitaa ya wavuvi hapa Kigoma, jibu hilo halitoshi. Fungua daftari la madeni.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti dagaa, mitumbwi inapumzika. Ndiyo maana mwenye duka wa Kibirizi au Ujiji alikopesha kwa kufuata mwezi wa angani. Siku za mbalamwezi aliandika: unga kilo 2, sukari robo, chumvi, mafuta ya taa. Giza likirudi, dagaa wakishaanikwa na kuuzwa, mistari inakatwa. Mzoefu hakujaza mzigo mwezi ukikaribia kuwa mpevu, maana fedha ingetoka bila kurudi. Sasa fikiria uvuvi uliposimamishwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024: miezi mitatu bila giza la kulipia. Mtaji mdogo haubebi hayo.

Faida nyingine ilivujia kwenye mizani. Mfuko wa sukari wa kilo 50 hutoa nusu robo 400. Mkono ukizidisha gramu 5 kila kipimo, kilo 2 zimekwenda bure. Wauzaji makini walipima kwanza kwenye sahani, ndipo wakafunga kwenye gazeti.

Mawese ndiyo yaliyotaka ufundi. Asubuhi za baridi huganda, na hayagandi sawasawa: mazito hushuka chini, mepesi hubaki juu. Ukichota bila kukoroga, mteja wa kwanza anapata majimaji na wa mwisho anapata kigande. Dumu liwekwe juani hadi yalainike, likorogwe, ndipo yapimwe. Yasipimwe yakiwa ya moto, kwa sababu mafuta ya moto hutanuka na chupa itajaa kabla ya haki ya mteja. Yenye maji huharibika mapema; tia kidogo kwenye kikaango cha moto, yakipasukapasuka usiyanunue kwa dumu zima. (Mama wa mtaani hulijua hilo kwa harufu tu, na habishaniwi.)

Dagaa walikaa kwenye gunia, juu ya mbao, mbali na ukuta. Ukiwafungia kwenye nailoni kabla hawajakauka vizuri, wanavunda. Mafuta ya taa yalikaa kona yake, tena mbali na unga, kwa kuwa unga hunasa harufu haraka na ugali wake hauliki.

Mafuta hayo ya taa yalikuwa yanamleta mteja kila jioni. Taa za sola na za betri ziliposhika nafasi ya koroboi na karabai, mteja wa jioni akapungua, na pamoja naye kiberiti, sabuni na sukari ya chai. Hapo ndipo wengi walipoweka meza ya wakala pembeni. Kamisheni haiozi wala haihitaji mizani, lakini ina mtego wake: fedha taslimu ya kuwapa wanaotoa pesa inatumika kununua mfuko wa sukari, mteja anakuja kutoa pesa, droo haina kitu, anahamia kwa jirani. Akihama, hata chumvi anainunulia hukohuko. Baada ya muda rafu zinabaki na viberiti na vocha, na mwenye nyumba anaanza kutafuta mpangaji mwingine wa fremu.