Barabara yenye ajali nyingi siyo lazima iwe ndiyo hatari zaidi

Nikisoma taarifa ya "barabara zinazoongoza kwa ajali", swali langu huwa ni lile lile: zinapitiwa na magari mangapi? Mara nyingi hakuna anayesema, na bila hiyo namba dereva hawezi kujua hatari yake ni kubwa kiasi gani.

Tupige hesabu ya mfano. Barabara ya kwanza ina kilomita 40, magari 20,000 kwa siku, na kwa miaka 3 imekuwa na ajali 12 zilizoua au kujeruhi vibaya. Ya pili ina kilomita 20, magari 2,000 kwa siku, ajali 4. Itakayoandikwa gazetini ni ya kwanza. Lakini gawanya ajali kwa kilomita zote ambazo magari yametembea kwa miaka hiyo: ya kwanza inatoa kama ajali 14 kwa kila kilomita bilioni moja, ya pili inatoa 91. Anayeendesha kwenye ile tulivu yuko hatarini zaidi ya mara sita.

Hicho ndicho kipimo cha ramani za EuroRAP, mpango wa Ulaya wa kupima usalama wa barabara, zenye rangi tano kuanzia kijani hadi nyeusi. Kukwaruzana bampa hakuhesabiwi. Na inachukuliwa miaka kadhaa kwa pamoja, maana kwenye kipande kifupi mwaka mmoja mbaya unaweza kudanganya.

Ramani hii naipenda, ila ina shida inayoniumiza: inasubiri watu wafe kwanza. Tena inategemea kumbukumbu za polisi. Mahali ambapo ajali haziandikwi vizuri, barabara ya kutisha inaweza kuonekana salama kabisa.

Ndiyo maana nautetea sana ukaguzi wa nyota wa iRAP, mpango wa kimataifa wa kupima usalama wa barabara. Hapo inatazamwa barabara yenyewe, kila mita 100, kwa picha za video. Mti uko umbali gani kutoka ukingo wa lami? Nguzo je? Bega la barabara lina upana gani? Kuna kitu cha kuzuia magari yasigongane uso kwa uso? Na anayetembea kwa miguu anapita wapi? Kila kundi la watumiaji wa barabara linapewa nyota zake, kwa hiyo mita 100 zile zile zinaweza kuwa na nyota 4 kwa mwenye gari na nyota 1 kwa mtoto anayevuka kwenda shule. Tofauti hiyo ramani ya kilomita za magari haiwezi kuionyesha.

Nchi za Umoja wa Mataifa zimekubaliana kwamba ifikapo 2030, zaidi ya asilimia 75 ya safari kwenye barabara zilizopo ziwe kwenye barabara zinazokidhi viwango vya kiufundi vinavyozingatia usalama wa watumiaji wote. Kwa sasa ningefurahi hata kwa jambo dogo: kila anayetangaza idadi ya ajali atangaze pia kipande chenyewe, urefu wake, na magari yanayopita kwa siku. Hesabu iliyobaki tutaifanya wenyewe.