Retina IIIc na IIIC: herufi moja iliyokuwa ikivuruga jedwali la bei

Jedwali langu la bei za Retina, kamera za zamani za filamu za Kodak, limetulia. Safu ya IIIc sasa inatoa bei zilizokaribiana, bei ambayo mtu anaweza kuisimamia mbele ya muuzaji. Kabla ya hapo bei ya juu ilikuwa mara kadhaa ya ile ya chini, zote zikidai ni kamera ileile. Mchawi ni herufi moja. Retina IIIc na Retina IIIC ni kamera mbili tofauti, na kisanduku cha kutafutia mtandaoni hakijali herufi kubwa wala ndogo. Ukiandika moja unaletewa zote, na wauzaji wenyewe nusu yao hawajui wanauza ipi.

IIIc yenye c ndogo ni Type 021, ya 1954 hadi 1957. Yenye C kubwa ni Type 028, ya 1957 hadi 1960. Zote zimetoka Kodak AG ya Stuttgart, zote zina shata (mlango unaoingiza mwanga kwenye filamu) ya Synchro-Compur na lenzi ya 50 mm f/2, iwe Xenon ya Schneider au Heligon ya Rodenstock. Kwenye picha ndogo ya tangazo ni mapacha. C kubwa ndiyo inayogombewa na bei yake iko juu, kwa hiyo ukizichanganya unapata wastani wa kamera ambayo haijawahi kutengenezwa.

Dawa ni kutolisadiki jina la tangazo hata kidogo. Kila mauzo yafunguliwe, picha ya mbele ikuzwe, ukiangalia dirisha la kutazamia. Kwenye C kubwa ni pana, na ukichungulia ndani kuna mistari ya 35, 50 na 80 mm pamoja. Kwenye c ndogo ni tundu dogo, linaonyesha 50 peke yake. Mita ya mwanga nayo inasaidia: IIIc za mwanzo zina kifuniko kidogo cha bawaba juu ya seli, na ukikiona hicho huna haja ya kutazama kingine. Tangazo lisilo na picha safi ya mbele linafutwa, hata kama bei yake inavutia. Kazi hii ni ya kuchosha macho na haina njia ya mkato. Jaribio la kuongeza maneno kama "big C" kwenye utafutaji linaleta wauzaji wanaojua tu, na hao ndio wenye bei za juu, kwa hiyo sampuli inainama upande mmoja.

Baada ya hapo kuna takataka nyingine za kutoa. Seti zenye lenzi za ziada (Curtar 35 mm f/5.6, Longar 80 mm f/4, vichujio, mkoba wa ngozi) zinatolewa zote. Zile za "ofa imekubaliwa" zinatolewa pia, kwa sababu bei inayoonekana ni ile aliyotaka muuzaji, na aliyolipa mnunuzi imefichwa. Kwenye eBay mauzo yaliyokamilika yanaonekana kwa takriban siku 90 kwa njia ya kawaida, basi skrinishoti ni lazima, leo leo. Matangazo madogo ya Kijerumani yana Retina tele kuliko kwingine kokote, lakini hayo ni bei za kuombwa tu. Ukiona VB (bei inajadiliwa), hapo hata muuzaji mwenyewe anakuambia ipunguze. Yana faida moja: kukuonyesha dari. Bei ya mauzo ikivuka dari hilo, kuna kitu hujakiona kwenye picha.

Kisha kuna kaunta, na hii imenikasirisha kuliko c na C. Kaunta ya Retina huhesabu kurudi nyuma, na ikifika 1 inafunga mkono wa kuvutia filamu. Ndivyo ilivyoundwa. Asiyejua anaandika "imekwama, kwa vipuri", na kamera nzima inauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Mauzo hayo yakiingia kwenye safu ya "mbovu" yanaivuruga, kwa sababu nyingine kwenye safu hiyo ni mbovu kweli: reki ya kukoki (ukanda wa meno unaoikaza shata) imeliwa meno, kwa kuwa mtu alilazimisha mkono wakati shata imegandishwa na mafuta ya zamani. Kwenye picha, tazama namba ya kaunta. Ikiwa iko kwenye 1, iweke kwenye safu yake ya "haijulikani". Ukiwa nayo mkononi, isogeze kaunta kwa kitufe chake hadi juu ya 30, kisha vuta kwa upole. Mkono ukienda mpaka mwisho na shata ikafyatuka, umenunua kamera nzima kwa bei ya mbovu. Ukigota katikati, acha. Usisukume.

Bei hizi zote ni za Ulaya na Marekani, na kamera za Malindi zimekaa Malindi. Hapo ndipo jedwali la bei za kule linapoishia. Zinazotoka kwenye nyumba za pwani zikiuzwa, kule Casuarina au mjini, zimekunywa miaka ya chumvi na unyevu. Mita ya seleniamu mara nyingi imekufa. Ielekeze dirishani, sindano isipotikisika, basi. Shaba chini ya rangi inatoa kijani. Kuvu ndiyo kubwa zaidi. Fungua lenzi hadi f/2 (tundu lake kubwa kabisa), weka shata kwenye B (inabaki wazi ukiishikilia), washa tochi upande wa nyuma na utazame kwa kuinamisha, kamwe si moja kwa moja. Tochi ya simu ni kali mno, inaonyesha kila vumbi na kukutisha bure. Kitochi kidogo cha LED kinatosha.

Kiwango ninachotumia: nyuzi chache za kuvu pembeni, punguza robo ya bei ya katikati. Kuvu iliyofika katikati, nusu. Ikiwa baada ya kusafisha alama bado zinaonekana, kioo au mpako wake umeshaliwa, na kamera hiyo inahesabiwa kwa vipuri. Retina ina huruma hapa, kwani sehemu ya mbele ya lenzi hutoka bila bisibisi, na nyuso mbili zinazopenda kuota ziko wazi mbele yako. Hidrojeni peroksaidi ya 3% na amonia ya nyumbani, sawa kwa sawa, kwenye kitambaa laini kilicholowa kidogo tu, dirisha likiwa wazi. Unaporudisha, hakikisha ni sehemu ileile. Ya Schneider haishirikiani na mwili wa Rodenstock, na ukikuta kamera iliyochanganywa kwa nguvu, hiyo haina bei.

Kuhusu vitabu: mwongozo wa bei za kamera wa McKeown, toleo la 12 la 2005-2006, bado ni bora kwa kujua aina na tofauti zake. Bei zake ni za zamani, tumia namba za Type na uruke safu ya dola. Matokeo ya minada mikubwa nayo hayahusu hapa. Ile Leica ya 0-series namba 105 iliyokuwa ya Oskar Barnack, mbunifu wa Leica, ilifika euro milioni 14.4 mwaka 2022, ndani yake mkiwa na ada ya mnunuzi, na tangu habari ile kila mwenye Zenit (kamera ya kawaida ya Kirusi) anataka kujenga ghorofa. "Hii antiki, kaka" si kipimo cha bei.

Orodha yangu ilisema baada ya Retina zifuate Bencini Comet, kamera za Kiitalia, maana kwa Waitalia wa hapa hazikosi. Zimeahirishwa. Kuna wazo jipya limeingilia: kupima shata kwa video ya simu ya fremu 240 kwa sekunde, ili neno "inafanya kazi" liwe na namba ubavuni. Mgongo wa kamera wazi, simu nyuma yake, taa mbele ya lenzi, f/2. Kasi ya 1/8 itoe fremu 30 zenye mwanga, 1/15 itoe 16, 1/30 itoe 8, 1/60 itoe 4. Juu ya hapo simu haitoshi. Kwa kamera za pwani kasi za chini ndizo zinazofichua mafuta yaliyoganda, kwa hiyo si hasara. Shida iliyobaki ni taa za LED za nyumbani, zinapepesa na kukatakata fremu, hesabu inakuwa uongo. Jua la saa nne asubuhi kupitia karatasi nyeupe linafanya vizuri zaidi. Safu mpya kwenye jedwali itaitwa "fremu kwenye 1/8", na Retina zote zilizokwisha kuwekwa bei zinarudi mezani kupimwa.